Hadithi Hii Inatokea Mtaa Gani?

Miswada mingi inayofika mezani petu ina kisa kizuri. Kuna binti aliyekataa mume, kuna kijana aliyeachishwa kazi, kuna diwani mla rushwa. Ukiuliza haya yanatokea wapi, unajibiwa "katika mji mmoja". Mji huo unga hauna bei, mvua hainyeshi, na mtu akitoka kwake anafika aendako bila kusalimiana na jirani hata mmoja. Waandishi hawa hawakosi kipaji. Wamefundishwa, kama tulivyofundishwa wengi wetu, kwamba mandhari ni kipengele cha fani kinachotajwa kwa sentensi moja kwenye karatasi ya mtihani, kisha unaharakisha kwenda kwenye dhamira. Toleo hili tumelitenga ili kuupinga mtazamo huo. Mahali ndipo panapoamua mhusika anaweza kufanya nini, na akikifanya kitamgharimu nini.

Chukua riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mara kadhaa. Anapomkimbia, anayempokea ni rafiki yake Mwajuma, mtaani Ng'ambo. Kutoka Mji Mkongwe kwa miguu ni mwendo mfupi tu. Mwenyeji wa Unguja anaujua. Lakini Zanzibar ya miaka ya 1950 ilikuwa imegawanyika: Mji Mkongwe upande mmoja, Ng'ambo ya wanyonge upande wa pili, na ukoloni uliozoea kuwapanga watu kwa asili zao. Binti wa Kihindi kulala chini ya paa la Mwajuma, kula naye, kwenda naye kwenye taarabu, ni jambo ambalo jamaa zake hawawezi kulimeza. Shafi hana haja ya kutuhubiria kuhusu ubaguzi. Anamvusha Yasmin kutoka mtaa hadi mtaa, nasi tunaona alichopoteza na alichopata. Kipeleke kisa kilekile "katika mji mmoja" uone kinachobaki: mke kijana kamtoroka mume mzee, hadithi tuliyoisikia mara elfu.

Jukwaani kazi ni ngumu zaidi, maana mtunzi wa tamthilia hana msimulizi wa kumsaidia. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile, ya 1969, haanzi na vita wala na maji ya mganga Kinjeketile. Anaanza na wanawake wawili, Bi. Kitunda na Bi. Kinjeketile, wakizungumzia njaa. Waume zao hawapo. Wako kwenye shamba la pamba, wakimtumikia mkoloni Mjerumani huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Shamba lile haliko mbele yetu wakati huo, lakini limeshaingia jikoni. Vita vya Maji Maji vyenyewe vilianza 1905 kule Matumbi kwa watu kung'oa pamba, na Hussein anatufanya tuielewe hasira hiyo kabla hajatamka neno la siasa.

Mtu atatuuliza: mbona Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani? Kweli, aliiweka huko. Ila nchi ile ya angani ina baraza, ina mashtaka, ina wajumbe waliotumwa pande sita, juu na chini zikiwemo, na ina kawaida ya kuwatia gerezani wanaporudi na habari njema. Utetezi wote wa mshtakiwa, Karama, umejengwa juu ya safari hizo. Nchi ya kubuni humdai mwandishi kazi zaidi, kwa sababu msomaji hana cha kujazia mwenyewe. Pauline Kea alilijua hilo alipoandika tamthilia ya Kigogo. Sagamoyo haipo kwenye ramani, lakini ina soko la Chapakazi, na mtawala wake, Majoka, anapolifunga tunajua papo hapo nani atalala na njaa. Tamthilia nyingi za madikteta tunazoletewa zina ikulu na gereza, basi. Raia wake wanapiga kelele za ukombozi, lakini hatujui wanalima nini, wala wanateka maji wapi.

Kazi tulizozichapa humu hazifanani kwa mtindo, na mimi na wahariri wenzangu hatukukubaliana juu ya kila moja. Tulikubaliana kwamba katika kila moja mkasa ungebadilika lau ungehamishiwa kwingine. Baadhi ya tulizozirudisha zina lugha tamu kuliko hizi. Waandishi wake tumewaandikia kwa kirefu, na rasimu zao za pili tunazisubiri kwa hamu.