Kabla Hujamtaja Bibi, Panda Darini

Chuo kikifunguliwa, wiki ya kwanza hosteli hazina habari za masomo. Watu wanapiga stori za nyumbani, na haipiti siku bila mmoja kushusha sauti na kusema: "Jamani, kwetu siku hizi kuna kitu." Usiku mtu anatembea juu ya dari. Taa zinafifia na kuwaka zenyewe. Mdogo wake anaamka saa tisa usiku akilia kwamba kuna mtu mlangoni. Mama kila akiamka kichwa kinamgonga. Wote kimya, wote tunasogea karibu. Kisha linakuja swali ambalo mimi linanitisha kuliko hicho kitu chenyewe: "Sasa nyumbani wanadhani ni nani?"

Liangalieni vizuri swali hilo. Halikuuliza ni nini, limeuliza ni nani. Kati ya "nini" na "nani" kuna herufi moja tu, lakini katika nchi yetu herufi hiyo imeshapeleka watu kaburini.

Niseme mapema ili tusigombane bure. Makala hii haikatai kwamba majini yapo. Wengi wetu, msikitini na kanisani, tumelelewa tukijua kwamba viumbe tusiowaona wapo, na anayetaka kusali, kusoma dua au kukesha katika maombi, nyumba ni yake. Hoja yangu ni ya mpangilio. Familia ikisikia hatua darini, ianzie wapi? Ninasema ianzie kwenye dari. Mtu awe wa mwisho kabisa kufikiriwa, na ikiwezekana asifikiriwe kabisa.

Kwa nini nasema hivyo kwa ukali? Kwa sababu tunaijua Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi vikongwe wa Shinyanga, Mwanza na Geita wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimehesabu mauaji ya namna hiyo kwa mamia. Ushahidi uliotumika mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Bibi aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani? Moshi uliomchosha macho akiwalisha watoto ndio huo huo uliomhukumu.

Wenzetu wa visiwani nao wana lao. Mwaka 1995 Popobawa alitikisa Pemba na Unguja. Familia nzima nzima zililala nje kwa vikundi, zikiwasha moto, zikiogopa kukandamizwa usiku vyumbani mwao. Leo tunacheka, tunatengeneza vichekesho. Lakini katika hofu ile umati ulimuua mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, akidhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Kuna mtu alitoka nyumbani kwao na hakurudi, kwa sababu watu walikuwa wakitafuta "nani".

Turudi kwenye nyumba ya kawaida, yenye baba, mama, watoto, bibi, na pengine dada wa kazi. Tuipeleleze kama wasomi.

Nianze na kichwa cha mama. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia aliyoiita kwa herufi moja tu, H. Walikuwa wamehamia katika nyumba kubwa ya zamani mwaka 1912. Hazikupita siku nyingi watoto wakawa wamepauka, watu wazima wanaumwa vichwa, na mizungu ikaanza: hatua za watu ambao hawapo, sauti usiku, watu wa ajabu wakionekana vyumbani. Ungekuwa hapa kwetu, mbuzi angekwisha kuchinjwa. Wao walishauriwa wakague tanuri la kupashia nyumba joto. Wakakuta ni bovu, na gesi yake, badala ya kupanda kwenye bomba la moshi, ilikuwa ikirudi ndani. Tanuri likatengenezwa, na mambo yale yakaisha.

Gesi hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo ubongo unaanza kukosa hewa ukiwa umekaa tu kwenye kochi. Unaumwa kichwa, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, akili inavurugika, mwisho unalala usiamke. Mtasema sisi hatuna matanuri ya Wamarekani. Kweli, ila tuna jiko la mkaa. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usiotoa moshi hata kidogo, ndio unaotuaminisha kwamba sasa ni salama kuuingiza ndani. Kule Makete, Njombe na Lushoto baridi ikipiga, watu wanaweka jiko chumbani, wanafunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa kitenge. Na hapa ndipo ninapoomba msikilize kwa makini. Mtu anayeumwa kwa gesi hiyo akilala kwa dada yake siku tatu, anapata nafuu. Akirudi kwake, anaumwa tena. Sisi tukiona hivyo tunasema, "Si mnaona? Nyumba ile ina kitu." Ndiyo, ina kitu. Kiko ndani ya jiko. Familia inayomsubiri mganga huku imefunga madirisha kwa kuogopa wachawi inaweza kufa yote kabla mganga hajashuka kwenye basi.

Sasa yule mtu mlangoni. Kiswahili kilikuwa na jina lake kabla hatujafika chuoni: jinamizi. Unaamka, macho yanaona chumba, lakini mwili haukubali kusogea, kifua kimekandamizwa, na kuna mtu amesimama pembeni. Wataalamu wa usingizi wanaeleza hivi. Tukiwa katika usingizi wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili tusiruke kitandani tukiota tunakimbia. Wakati mwingine akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto inaendelea ukiwa macho. Uchovu, usingizi wa kukatika katika na kulala chali huliongeza. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta kwamba watu kama asilimia 8 hivi wamewahi kupatwa na hali hiyo maishani, lakini kwa wanafunzi ni kama asilimia 28. Kwa hiyo sisi tunaokesha na madesa wiki ya mitihani ndio wateja wake wakubwa, na hakuna aliyewahi kutuambia hosteli ibomolewe. Walioandika juu ya Popobawa nao wamelitaja jinamizi hili hili kama chanzo kimojawapo.

Hatua darini? Bati linapanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, na likisinyaa linavuta misumari na kenchi. Linapiga kwa mpangilio, ko, ko, ko, kama mtu mwenye viatu. Bado hatujataja panya, popo, paka na bundi, ambao wote hupenda dari kuliko sisi. Bundi mmoja mweupe akilia juu ya singibodi, hata profesa ataitafuta rozari.

Taa zinazofifia na kuwaka zinaweza kuwa waya uliolegea kwenye mita au kwenye soketi, na huo unaweza kuunguza nyumba. Bomba linalokupiga shoti bafuni ukigusa koki linasema kuna umeme unaovuja na waya wa ardhini haufanyi kazi. Huyo naye si jini, ila anaua vilevile. Hayo ni ya fundi umeme, tena leo, si kesho.

Najua kuna atakayesema: "Wewe umesoma sana. Kuna mambo sayansi haijayaeleza." Nakubaliana naye kabisa. Wazungu wenyewe wana kisa cha Enfield, kaskazini mwa London, kilichoanza mwaka 1977 katika nyumba ya kawaida ya kupanga ya mama mmoja na watoto wake wanne. Samani zilisogea, milango iligongwa, sauti nzito ya mzee ilitoka kwa binti wa miaka 11. Polisi mmoja aliandika na kusaini kwamba aliona kiti kikisogea. Maurice Grosse na Guy Lyon Playfair, wanachama wa chama cha uchunguzi wa mambo kama hayo kilichoundwa London mwaka 1882, waliifuatilia nyumba hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima wakiwa na kinasa sauti. Waliamini. Wenzao ndani ya chama hicho hicho walitilia shaka, maana watoto waliwahi kukutwa wakifanya mizaha wenyewe. Mpaka leo watu hawajakubaliana.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba hakikufungwa. Hawakujua, na waliishi na kutojua. Hakuna jirani aliyechomewa nyumba, hakuna shangazi aliyefukuzwa. Hapa kwetu "sijui" inachukuliwa kama aibu, na aibu hiyo tunaifunika kwa jina la mtu. Jina lenyewe nalo halichaguliwi ovyo. Ni bibi mjane, mke mwenza, mtoto wa kambo, dada wa kazi kutoka kijiji cha mbali, mpangaji wa kabila jingine. Umewahi kusikia ramli imemtaja mwenye nyumba anayelipa hela ya mganga? Ramli ina adabu sana kwa mwenye pochi.

Serikali nayo iliona hatari hiyo. Mwaka 2015, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Tena Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inafanya kumtuhumu mtu uchawi mbele za watu kuwa kosa. Lakini sheria haiingii sebuleni saa tano usiku wakati baba mkubwa anasema, "Tuite mtu aje aangalie." Anayekuwepo sebuleni saa hiyo ni wewe uliye likizo.

Na hapa ndipo nina ugomvi na sisi wanachuo. Kwenye kikao cha ukoo msomi huwa anafanya moja kati ya mawili. Ama anacheka na kuwaita watu washamba, halafu hakuna anayemsikiliza tena. Ama anainama kwenye simu, "hayo ni ya wazee," na bibi anatajwa yeye akiwa pale pale. Yote mawili ni kukimbia. Hofu ya mama ni ya kweli hata kama kitu anachokiogopa hakipo. Kumcheka hakumpi usingizi.

Lipo la tatu. Omba siku saba. Sema kwa heshima: "Baba mkubwa, shikamoo, sipingi. Naomba wiki moja kabla ya kuita mtu yeyote." Kila mkubwa anaweza kumpa kijana wiki moja. Siku ya kwanza toa jiko nje na fungua madirisha. Kama watu wamezidiwa au wamechanganyikiwa, wiki hiyo haipo: watoe nje, wapeleke hospitali, na waambie madaktari kwamba mlilala na mkaa ndani. Siku ya pili mwite fundi umeme. Siku ya tatu panda darini na tochi, mchana, uone kuna kinyesi cha nani. Kuanzia hapo chukua daftari, andika kila kinachotokea: saa ngapi, chumba gani, nani alikuwepo, mvua ilinyesha au jua liliwaka, umeme ulikatika au la, aliyeona alikuwa amelala chali au amekaa. Waulize watoto mmoja mmoja, si kwa pamoja, maana hadithi ya mtoto wa kwanza ndiyo itakayosimuliwa na wa pili. Na bibi muweke kwenye timu ya uchunguzi. Yeye ndiye anayelala kidogo kuliko wote na anazijua sauti zote za nyumba hiyo. Tena mtu anayeshika tochi pamoja nanyi ni vigumu kumgeuza mshitakiwa.

Baada ya siku saba mengi yatakuwa yamepata majibu ya shilingi chache: msumari, mtego wa panya, waya mpya, dirisha. Likibaki moja lisilo na jibu, liandikeni hivyo hivyo, "hatujui," mlisalie mkipenda, mkalale. Kutojua hakujawahi kumuua mtu. Kilichowaua vikongwe wetu ni watu waliojua upesi mno.

Likizo haiko mbali. Nendeni na tochi.