Sangara Hana Hatia

Wako wanaosema kwamba sangara ndiye aliyeliharibu Ziwa Victoria. Mimi huwauliza: alifikaje humo? Samaki hatembei kwa miguu. Alipandikizwa na watu kuanzia miaka ya 1950, kwa hoja kwamba furu, wale samaki wadogo wenye miiba waliojaa ziwani kwa mamia ya aina, hawakuwa na thamani. Hawakuwa na thamani kwa nani? Watu wa pwani za ziwa waliwala furu, na waliwaanika juani bila kutumia hata kijiti kimoja cha kuni. Sangara ana mafuta mengi, jua halimtoshi. Inabidi abanikwe kwa moshi, na miti ya visiwani na kandokando ya ziwa imekwenda katika moshi huo.

Kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka. Hapo vikaja viwanda vya minofu, Mwanza, Kisumu na Jinja. Minofu hupanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, hukaangwa na kuuzwa kwa mtu aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa. Sasa hata bondo la sangara, ambalo zamani lilikuwa la kutupwa, husafirishwa hadi China kwa bei inayoishinda nyama yenyewe.

Nitaambiwa kwamba viwanda vimeleta ajira na fedha za kigeni. Vimeleta, sibishi. Lakini tazama jinsi tunavyoshtuka. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya uvuvi wa sumu, mlaji wa mbali alipohofia tumbo lake, serikali zetu zilihangaika mpaka wakaguzi na maabara vikapatikana. Furu walipotoweka, nani alihangaika?

Tena tunasema eti tunavuna samaki. Nimefundisha walimu miaka mingi, na neno hili limenikera siku zote. Mavuno ni neno la shamba. Anayevuna alilima, akapanda, akapalilia. Sisi ziwani tunachota tu, kisha tunaita uchotaji huo uchumi, na ziwa lenyewe tunaliita rasilimali, kana kwamba liliumbwa likisubiri mizani yetu.

Na samaki wakipungua, anayetafutwa ni mvuvi mdogo. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa moto hadharani. Sitetei kokoro, maana hukomba hata vifaranga. Ila kokoro halikujituma. Liko kwa sababu kuna mnunuzi anayetaka samaki leo, kesho na keshokutwa, wawepo wasiwepo.

Operesheni nyingine ikija, wakubwa wasianzie mwaloni. Waanzie kwenye vitabu vya hesabu vya wanunuzi, wasome ni tani ngapi zimeagizwa, na kwa ahadi ya nani. Kisha wamfuate mama anayekaanga mapanki, wamuulize mara ya mwisho watoto wake kula mnofu ilikuwa lini.