Maji ya uani yamwagwe wapi?

Kila masika yanapofika, sehemu za mabondeni za jiji la Dar es Salaam hujaa maji, na siku hizi ngurumo za pampu husikika usiku kucha katika nyumba zenye uwezo. Katika maeneo kama Mikocheni, ambako maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa nchi, shimo lolote lililochimbwa uani hujaa hata kabla mvua haijakatika. Kuyatoa maji hayo ni haki ya mwenye nyumba. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni yanakopelekwa.

Mara nyingi jibu ni la kusikitisha. Mpira hupitishwa juu ya ukuta ukaachwa barabarani, na kutoka hapo maji hujitafutia njia, yaani kwa jirani aliye chini. Jirani huyo akiwa na pampu, naye huyasukuma mbele. Asiye na pampu hubaki nayo. Huu ni ubinafsi uliovikwa vazi la utaalamu, na wanaoutenda si wananchi wasiojua kusoma. Ni watumishi wenye vyeo, na pengine walimu ambao asubuhi hufundisha watoto elimu ya uraia.

Wengine huyaelekeza katika bomba la majitaka wakidhani wametimiza wajibu. Mabomba hayo yanahudumia sehemu ndogo tu ya jiji, wala hayakukusudiwa kubeba mafuriko ya uani. Yakizidiwa, mifuniko huinuka na uchafu hutapakaa njiani. Na maji mengi yakifika katika mabwawa kama yale ya Vingunguti, huyasukuma majitaka nje kabla hayajasafika.

Lililo baya kuliko yote ni kutapisha choo mvua inaponyesha. Watu wa mabondeni wamelaumiwa sana kwa tendo hili, tena kwa haki, kwani kipindupindu husafiri kwa maji ya namna hiyo, na mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoa mingi. Lakini pampu iliyotumbukizwa katika karo la nyumba ya kifahari hufanya kazi ileile, tena kwa kasi zaidi. Tofauti ni ukuta tu.

Basi maji ya mvua na ya ardhini yapelekwe katika mtaro wa maji ya mvua, na mpira ufike hadi mtaroni. Penye kiwanja kikubwa chenye mchanga yaweza kumwagwa bustanini, mbali na msingi. La sivyo yatarudi yalikotoka, na pampu itazungusha maji yaleyale mpaka umeme ukatike. Majitaka yasubiri gari la kunyonya.

Hapana budi kukiri kwamba mitaa mingi haina mitaro, na baadhi ya iliyopo imezibwa kwa takataka au imejengewa juu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwahamishia Mabwepande waathirika wa bonde la Msimbazi. Maji yenyewe hayakuhama. Mwananchi hawezi kuamriwa kumwaga maji mtaroni pasipo mtaro. Halmashauri ndizo zitoazo vibali vya ujenzi. Mchoro wa nyumba huonyesha jiko, vyumba na choo. Uonyeshe pia maji ya uani yatatokea wapi na kuishia katika mtaro upi, na usipoonyesha, kibali kisitolewe.