Kabla hujatia sahihi kwenye chati ya mzee

Pita River Road leo na uhesabu mabango ya kozi ya kutunza wazee. Wiki chache darasani, cheti mkononi, na picha ya ndege pembeni kukukumbusha kwa nini unalipa. Sikucheki. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na fomu ya kozi kama hiyo nimeibeba kwa begi miezi miwili. Kilichonifanya nisite si pesa. Ni simu ya shangazi.

Shangazi anafanya kazi katika makao ya wazee huko Minnesota, jimbo ambalo Wakisii ni wengi hadi usiku wa manane unaweza kusikia Ekegusii kwenye korido. Siku hiyo alikuwa analia. Mzee mmoja aliyemhudumia alikuwa ametoka kidonda mgongoni, kile kinachotokana na kulala upande mmoja muda mrefu. Chati ilisema mzee aligeuzwa kila saa mbili usiku kucha. Sahihi ilikuwa ya shangazi. Ukweli ni kwamba alimgeuza saa nne usiku, akarudi saa nane, na zile nafasi zingine akazijaza alfajiri akiwa amesimama huku shifti mpya ikiingia.

Aliyemwita ofisini hakuwa meneja wala polisi. Alikuwa nesi. Ukienda kazi hii Marekani utakutana naye, na hakuna bango River Road linalomtaja. Tumwite nesi wa kanuni. Halishi mgonjwa, hapimi presha, hatoi dawa. Kazi yake ni kuhakikisha makao yanafuata sheria, na kugundua makosa kabla serikali haijayagundua.

Ili uelewe kwa nini makao yanamlipa mtu wa kuyatafutia makosa, fuata pesa. Mwaka wa 1987 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha makao ya wazee baada ya malalamiko mengi ya dhuluma. Tangu hapo, makao yanayotaka kulipwa na Medicare na Medicaid, yaani mifuko ya serikali inayogharamia matibabu ya wazee na maskini, lazima yatimize masharti. Wakaguzi wa jimbo huja bila kutangaza. Kisheria haipaswi kupita miezi 15 kabla hawajarudi. Kila kosa wanaloliona hupewa herufi kuanzia A hadi L, na ukisikia J, K au L jua maisha ya mtu yalikuwa hatarini. Faini zinafuata, malipo ya wagonjwa wapya yanaweza kusimamishwa, na makao yanaweza kufukuzwa kwenye mpango mzima. Ripoti hiyo haifichwi. Makao hupewa nyota kati ya moja na tano, na mtu yeyote, hata wewe ukiwa kwenye matatu ya Rongai, anaweza kuzisoma kwenye tovuti ya Medicare.

Sasa unaona kwa nini nesi huyu anatembea na kalamu. Kampuni zenye makao mengi humzungusha kutoka nyumba moja hadi nyingine. Anafungua chati na kulinganisha kilichoandikwa na mwili wa mgonjwa. Anahesabu nani alianguka wiki hii na kama familia ilijulishwa. Anaangalia kama tuhuma ya dhuluma ilipelekwa kwa jimbo kwa wakati: saa mbili tu ikiwa ni dhuluma au kuna jeraha baya, la sivyo ndani ya saa 24. Wakaguzi wakishapita na kuacha orodha ya makosa, yeye ndiye hukaa usiku akiandika mpango wa kuyarekebisha, kwa sababu makao huwa na siku 10 tu za kuuwasilisha.

Wahudumu wengi wanamwogopa. Wanamwona kama polisi wa ndani. Kwa kiasi fulani wako sawa, maana mshahara wake unatoka kwa mwenye makao, na akikuta kosa, kitu rahisi zaidi kwa kampuni ni kusema ni la mhudumu fulani, amefutwa, tuendelee. Hapo ndipo kazi yake inaponuka kidogo. Anatakiwa kumlinda mzee, na pia kumlinda tajiri asipigwe faini. Siku nyingi hayo mawili yanaenda pamoja. Siku ambayo hayaendi pamoja ndiyo utajua kama ulipata nesi au wakili.

Lakini sikiliza alichoambiwa shangazi. Yule nesi hakuanza na kidonda. Alianza na rekodi za kuingia kazini. Akauliza, "Usiku huo mlikuwa wangapi?" Wawili. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 30. Nesi akanyamaza, kisha akamwambia kitu ambacho shangazi amenirudia mara kadhaa: "Ungeandika kwamba hukuweza kumgeuza kwa sababu mlikuwa wawili, karatasi hii ningeipeleka juu kudai watu. Lakini umeandika kila kitu kilifanyika. Kwa hivyo kulingana na karatasi, wawili mnatosha."

Soma tena hayo maneno. Shangazi alidhani anajikinga na alikuwa anamkinga mwajiri. Kila alama ya uongo kwenye chati inasema kwamba watu wachache wanatosha. Halafu kidonda kikitokea, uongo huo una jina, na jina ni lako.

Hili si jambo dogo. Mwezi wa Aprili 2024 serikali ya Biden ilitoa kanuni ya kwanza ya taifa kuweka kima cha chini cha wahudumu: saa 3.48 za huduma kwa kila mgonjwa kwa siku, na nesi aliyesajiliwa awepo saa 24. Wenye makao walienda kortini wakisema hawawezi kupata watu hao. Aprili 2025 jaji mmoja wa Texas akaifuta. Julai mwaka huo huo, bunge nalo likapitisha sheria kubwa ya bajeti iliyozuia kanuni hiyo kutekelezwa hadi mwaka wa 2034. Kwa lugha rahisi, ile namba ambayo ingemlazimisha tajiri aongeze mtu wa tatu kwenye shifti ya shangazi haipo. Kilichobaki ni sharti la zamani kwamba wahudumu wawe wa "kutosha". Na kutosha kunathibitishwaje? Kwa chati. Ile ile uliyojaza alfajiri macho yakifumba.

Ongeza kwamba Uingereza nayo ilifunga mlango Julai 2025, haichukui tena wahudumu wapya wa wazee moja kwa moja kutoka nje. Kwa hivyo macho ya vijana wengi yamegeukia Marekani, ambako si rahisi kuingia na ni rahisi kuchafuka jina. Kila jimbo lina orodha ya wahudumu wa wazee. Ukipatikana na hatia ya kumdhulumu mgonjwa, inaandikwa kwenye orodha hiyo, na makao yanayolipwa na serikali hayaruhusiwi kukuajiri. Sheria ya taifa inataka mafunzo ya angalau saa 75 kabla uingie kwenye orodha hiyo. Inachukua kidonda kimoja kutolewa.

Usiniambie hayo ni ya huko. Katiba yetu, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Maneno matamu. Lakini mwaka wa 2023 makala ya BBC Africa Eye ilionyesha wazee wakiteswa ndani ya makao hapa hapa kwetu, na ilibidi mwanahabari aingie na kamera ya siri ndipo tujue. Hakuna nyota za kusoma kwenye simu. Ukimpeleka cucu mahali leo, utauliza bei, utaangalia kama ua ni safi, basi. Huyo nesi wa kanuni tunayemcheka kama mpelelezi, sisi hatuna hata wa kumwogopa.

Shangazi hakufutwa. Alipewa onyo la maandishi na kurudishwa darasani siku mbili. Mzee alipona polepole. Siku hizi akikosa kumgeuza mtu anaandika hivyo, anaweka saa na idadi ya waliokuwa kazini, na wenzake wengine wamekasirika wakidai anawaharibia. Mwezi uliopita shifti yao iliongezwa mtu mmoja. Meneja hakueleza kwa nini.

Jumatatu nilirudi na ile fomu. Nikamuuliza mwalimu ni somo gani linafundisha kujaza chati. Akaangalia karatasi ya ratiba, akaigeuza upande wa pili, akaniambia, "Hiyo mtaonyeshwa mkifika."