Mlembe na Ijara Yake

Mlembe ni ndege apendaye nta, lakini hawezi kupasua mti, na nyuki wengi waweza kumwua. Kwa hiyo humwendea mtu, humlilia, kisha huruka mti hata mti mpaka penye asali.

Mwaka 1989 Hussein Isack wa Kenya na mwenziwe Reyer walitangaza uchunguzi wao katika nchi ya Waborana, kaskazini. Mrina asali asiyeongozwa alitafuta kwa muda wa karibu saa 9. Aliyemfuata mlembe, saa 3 na kidogo tu.

Je, mlembe alifundishwa na mamaye? La, maana mama hutaga katika viota vya ndege wengine, nao ndio wamleao kinda. Basi asili ya tabia hii ni urithi: kwa vizazi vingi, aliyeongoza vema alikula, akaishi, akazaa.

Lakini tabia hudumu penye faida. Mahali pengine watu walipoacha kurina asali ya mwituni, mlembe naye aliacha kuwaita. Ewe mrina asali, mwachie sega lake: hiyo si sadaka, ni ijara.