Nyumba Yako Inahitaji Vyombo Vingapi?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuiona siku ya mnada baada ya mavuno. Mazao yameuzwa. Fedha zipo mfukoni. Pikipiki mpya zimepangwa mstari kando ya barabara, zinang'aa. Vijana wanazizunguka, wanagusa tangi, wanakalia viti. Wewe nawe umesimama pale. Moyo unasema: nunua. Jirani anayo, kwa nini wewe usiwe nayo?

Sikukatazi kununua. Nataka tukae chini kwanza, wewe na mimi, tupige hesabu. Umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Hesabu hiyo tuitumie nyumbani kwako.

Ninaposema chombo, sina maana ya sufuria. Nina maana ya kitu chochote kinachobeba mtu au mzigo: baiskeli, pikipiki, mkokoteni wa ng'ombe au wa punda, hata toroli. Swali letu ni hili: nyumba ya mkulima inahitaji vyombo vingapi?

Watu wengi hujibu swali hili kwa kutazama mfuko. Fedha ikiwepo, chombo kinaongezwa. Wengine hujibu kwa kutazama jirani. Mimi nasema, anza kwa kutazama mizigo. Nyumbani kwako kuna mizigo gani? Inatoka wapi, inakwenda wapi? Na sasa hivi inabebwa na nani?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mimi mwenyewe nililisahau, na nitakueleza yaliyonipata.

Mwaka jana niliwapa wanakisomo wa darasa moja zoezi la nyumbani. Kila mtu achukue karatasi. Kwa siku saba, kila akibeba mzigo au akifanya safari, achore kijiti kimoja. Siku ya saba alete karatasi darasani tuhesabu pamoja.

Mama mmoja alileta karatasi imejaa vijiti. Tukahesabu vya maji peke yake. Ndoo tatu kila siku, siku saba, ni ndoo 21. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kwa hiyo, 21 mara 20, ni kilo 420. Darasa likanyamaza. Gunia la mahindi ni kama kilo 100. Mama huyu alibeba kichwani zaidi ya magunia manne kwa wiki moja, na hapo hatujahesabu kuni, wala mahindi ya kupeleka mashineni, wala mtoto mgongoni.

Mume wake naye ni mwanakisomo wetu. Yeye ana pikipiki. Karatasi yake ilikuwa na vijiti 16. Tukamwuliza, katika safari hizo 16, ngapi zilikuwa na mzigo wa nyumbani? Akafikiri. Akasema mbili. Nyingine zote zilikuwa za kwenda senta na kurudi. Sikumcheka, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe.

Basi sikiliza. Nimezaliwa katika wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Kwetu ni nchi tambarare, ng'ombe wanavuta mkokoteni bila taabu. Marehemu baba alituachia mkokoteni mmoja, maksai wawili na baiskeli. Mkokoteni ule ulibeba magunia kumi kwa safari moja. Ulileta mazao kutoka shambani. Ulipeleka samadi shambani. Mara moja kwa mwezi ulileta kuni, zikarundikwa nyuma ya jiko, na mama akakaa wiki nne bila kwenda porini.

Mwaka 2014 nilikuwa nimepata cheti changu cha elimu ya watu wazima. Nikaona mtu mwenye cheti hafai kuonekana nyuma ya ng'ombe. Mwezi wa nane, baada ya mavuno, nikauza mkokoteni na maksai wote wawili, nikaongeza akiba yangu, nikanunua pikipiki. Mama hakunikataza. Alisema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu." Nilidhani ananisifu.

Mvua zilipoanza, hatukuwa na ng'ombe wa kulima. Tukangoja jirani amalize mashamba yake, ndipo atukodishe. Tukapanda tumechelewa. Mwaka 2015 tukavuna magunia 22. Kila mtu alikuwa anavuna wiki ile ile, na mikokoteni ya kukodi ilikuwa na foleni. Mahindi yetu yalikaa shambani siku tisa. Usiku ng'ombe wa watu wakaingia. Tulipopima hasara, ilikuwa karibu magunia matatu. Mawili mengine yakaenda kulipa nauli ya mkokoteni. Magunia matano yamekwenda, na pikipiki iko uani, inang'aa.

Kuni zikarudi kichwani kwa mama. Alikuwa na umri wa miaka sitini na zaidi. Jioni moja nilirudi kutoka senta nikampita njiani, mzigo kichwani, mkono kiunoni. Nikasimama nimpakie. Mzigo haukukaa. Kuni ni ndefu na pikipiki ni fupi. Mama akasema, "Nenda tu, mwanangu. Hiyo pikipiki yako ina mbio, lakini haijafika jikoni kwangu." Nikaenda. Mpaka leo sijui ni kwa nini nilikwenda, badala ya kushuka na kubeba.

Sasa tuitazame pikipiki kwa haki, maana nayo ina kazi yake. Ina mbio. Inakwenda mbali. Lakini inakula kila siku unapoitumia. Tuseme unatia mafuta lita moja kwa siku, na tuseme lita ni shilingi 3,000. Weka bei ya kwenu. Kwa siku 30 ni shilingi 90,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 1,080,000. Hapo hujabadilisha oili. Hujanunua tairi. Hujalipa bima, hujatafuta leseni, hujanunua kofia ngumu yako na ya abiria wako. Ng'ombe anakula majani, na akizeeka unamuuza. Baiskeli inataka mpira, cheni na mafuta kidogo ya kulainisha.

Kama unataka pikipiki ya kubeba abiria, hiyo ni biashara. Iandikie daftari lake: fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Isihesabiwe kuwa chombo cha nyumbani, kwa sababu saa utakapoihitaji nyumbani itakuwa barabarani. Na kama umeichukua kwa mkataba, fedha ya mwenye mali ndiyo inayotoka kwanza kila siku, hata siku ambayo nyumbani hakuna chumvi.

Utaniuliza, "Je, mtu akiugua usiku?" Swali hili ni zuri, na huulizwa kila darasa. Nakubali kwamba mgonjwa hawezi kungoja ng'ombe. Lakini ugonjwa wa usiku hauji kila siku, na mafuta unanunua kila siku. Patana mapema na mwenye pikipiki wa jirani. Andika namba yake ya simu ukutani, kwa herufi kubwa. Weka akiba ya nauli mahali ambapo mkeo pia anapajua. Kwa mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, upo mpango wa M-Mama: ukipiga namba 115, bila malipo, dharura yake hutafutiwa usafiri. Andika na hiyo ukutani.

Jambo hili la mizigo si geni katika nchi yetu. Mwaka 1985 ulianza mradi wa usafiri vijijini katika wilaya ya Makete, ambayo wakati ule ilikuwa mkoa wa Iringa na sasa ni mkoa wa Njombe. Watu wa mradi waliuliza kaya za wanakijiji: mnabeba nini, mnakwenda wapi, mnatumia saa ngapi? Ikaonekana kwamba safari nyingi za wanakijiji hazikuwa za mjini. Zilikuwa za kisimani, porini, shambani na kwenye mashine ya kusaga. Zilifanywa kwa miguu, na sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wanawake. Makete ni nchi ya milima. Kwa hiyo mradi haukushughulikia barabara za magari tu. Ulitengeneza na njia za miguu, ukahimiza punda wa kubeba mizigo, ukasogeza na mashine za kusaga karibu na watu.

Hilo la mwisho linanipendeza sana. Mashine ikisogea karibu, safari imekufa yenyewe, na hukununua chombo chochote. Kabla hujanunua, uliza kama mzigo wenyewe unaweza kupunguzwa. Kisima kikichimbwa karibu, nani atahitaji pikipiki ya maji?

Haya, maoni yangu ni haya, nawe uko huru kuyapinga darasani. Nyumba nyingi za wakulima zinatosheka na vyombo viwili: baiskeli moja, na mkokoteni mmoja wa ng'ombe au punda. Tena mkokoteni si lazima uwe wako peke yako. Ndugu wawili wanaoelewana wanaweza kuwa nao mmoja. Nasema wanaoelewana. Kama mnagombana kwa jembe, msinunue mkokoteni pamoja. Nyumba isiyo na uwezo huo ianze na toroli. Watu hulidharau toroli, lakini madumu mawili ya maji yanayosukumwa ni afadhali kuliko moja linalokaa kichwani.

Chombo cha tatu? Kama una mtoto wa sekondari na shule iko kilometa saba, basi baiskeli ya pili ni yake, na hasa kama ni binti anayerudi jioni. Hiyo itangulie pikipiki. Mzee mwenye pikipiki na binti anayetembea kilometa 14 kwa siku, huyo sijui nimwambie nini.

Kuhusu baiskeli nina neno moja. Katika nyumba nyingi baiskeli si ya nyumba. Ni ya baba. Ina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa baba. Baba akiwa kwenye mazungumzo chini ya mwembe, baiskeli imeegemea mti pamoja naye, na ndoo iko kichwani kwa mama. Nyumba hiyo ina chombo kimoja kwa kutazama. Kwa kuhesabu haina hata kimoja.

Tena nunua baiskeli ya kike, ile isiyo na chuma kirefu kati ya kiti na usukani. Mwanamke mwenye kanga anaipanda. Mtoto anaipanda. Mzee ambaye goti halikunjiki anaipanda. Na wewe mwanamume pia utaipanda, wala haitakuangusha. Mwekee mkeo kizuizi cha gurudumu ili kanga isinaswe. Katika vijiji fulani watu bado wanamcheka mwanamke anayeendesha baiskeli. Waache wacheke. Baiskeli yenye kereta imara inabeba madumu manne, yaani kilo 80. Zile kilo 420 za yule mama zingekwenda kwa safari sita badala ya 21. Safari 15 zimebaki. Mwanamke aliyebakiwa na safari 15 anaweza kuja kwenye kisomo bila kusinzia. Nasema hivi kwa sababu nawaona wakisinzia, na zamani nilidhani ni uvivu.

Mimi niliuza pikipiki yangu mwaka 2017. Sikupata hata nusu ya bei niliyonunulia. Nikanunua madume wawili wadogo, tukawafundisha kazi polepole. Mwaka 2019 baba mdogo alitoa magurudumu na ekseli ya gari kuukuu, mimi nikatoa mbao na fundi, tukawa na mkokoteni tena. Kuni za kwanza tulizipeleka nyumbani kwa mama. Alizihesabu zikishushwa, hakusema kitu, akaingia jikoni kutupikia uji.

Safari hii, kabla ya kununua chochote, tulikaa wote: mama, mke wangu na watoto. Kila mtu akataja mizigo yake. Mama alitaka toroli, tukanunua toroli. Mke wangu alitaka baiskeli kwa siku mbili za wiki, za maji mengi na za gulio. Tukaandika zamu kwenye karatasi na kuibandika mlangoni.

Jumanne na Ijumaa baiskeli ni ya mke wangu. Darasa langu la Jumanne liko kilometa nne kutoka nyumbani. Kwa hiyo wanakisomo wa Jumanne, mkiona mwalimu wenu anafika na viatu vyenye vumbi, mnajua baiskeli iko wapi. Anzeni kusoma, nakuja.