Ndege ya Mgongoni mwa Simu Si Pambo Tu



Siku hizi kumezuka mtindo wa kava za simu zenye picha za ndege za abiria za zamani, zile jeti za kwanza kwanza, rangi zimefifia kana kwamba picha zimetolewa katika albamu ya babu. Shuleni simu haziruhusiwi, lakini sisi wa shule ya kutwa tunaziona kava hizo kila jioni, ndani ya matatu, kwa wachuuzi wa stendi na mikononi mwa kaka na dada zetu. Wapo wanaosema eti huo ni upuuzi, kazi ya kava ni kuzuia simu isivunjike, basi. Maoni yangu ni tofauti. Picha hiyo ni nzuri, mradi anayeibeba aijue. Na kama ni kuchagua, tuchague ndege iliyokuwa yetu.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Jeti ya kwanza kubeba abiria katika safari za kawaida ilikuwa Comet ya Uingereza. Tarehe 2 Mei 1952 iliondoka London kwenda Johannesburg. Je, mwajua ilitua wapi njiani? Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Naam, Entebbe hapo jirani! Kwa hivyo mtu asituambie kwamba historia ya jeti ni ya Ulaya na Marekani peke yake.

Hata hivyo, picha haisemi yote. Uwanja wa ndege wa Embakasi, ambao tangu 1978 unaitwa Jomo Kenyatta, ulifunguliwa mwaka wa 1958. Waliotoa jasho kuujenga ni pamoja na watu waliowekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Hao hutawaona kwenye kava yoyote. Ndiyo maana nasema tusiishie kuangalia, tuulize pia.

Sasa hebu tuitazame ndege yetu. Shirika la East African Airways lilianzishwa mwaka wa 1946, likihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka wa 1966, tukiwa tumekwisha kujitawala, lilianza kupokea jeti aina ya Super VC10. Utaitambua upesi. Injini zake nne ziko nyuma, mbili kila upande, na mkia wake una umbo la herufi T. Msidhani huo ulikuwa urembo. VC10 iliundwa kwa kufikiria viwanja vya Afrika, vyenye joto jingi au vilivyo juu sana. Embakasi iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Kwa kuwa mabawa ya VC10 hayakubebeshwa injini, yalibaki huru kuinua ndege.

Shirika letu lilikuwa na Super VC10 tano. Moja ilipata ajali Addis Ababa mnamo Aprili 1972, na watu 43 wakapoteza maisha. VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mwaka wa 1970, pia ilikuwa yetu. Kisha ukaja mwaka wa 1977. Nchi tatu ziligombana kwa mambo ya siasa na fedha, Jumuiya ikavunjika, na shirika nalo likafa. Ndege nne zilizosalia zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za jeshi za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Baadhi yazo ziliruka hadi mwaka wa 2013! Jamani, hesabuni wenyewe. Miaka 36 baada ya sisi kuziacha, zilikuwa bado zina nguvu. Ndege hazikuchakaa, udugu wetu ndio uliochakaa.

Labda kuna atakayeniuliza, "Ya kale ya nini? Si tuna Kenya Airways?" Ni kweli tunayo, tena ilizaliwa mwaka huo huo wa 1977. Watanzania wana yao, Waganda wana yao. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka wa 1999, na sasa ina nchi nane. Miaka michache ijayo watakaoiendesha ni sisi tulio madarasani leo. Tusipojua kilichoiua ya kwanza, tutaiokoaje hii ya pili?

Ushauri wangu basi ni huu. Ukinunua kava yenye ndege, uliza ni ndege gani, ilikuwa ya nani na iliishia wapi. Ukipata fundi anayechapisha picha kwenye kava, mpelekee ile Super VC10 yenye maandishi ya East African Airways. Rafiki akikuuliza ni nini hiyo, usimjibu ati ni mtindo tu. Mweleze kwamba tulikuwa na ndege moja ya nchi tatu, tukaipoteza kwa ugomvi. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali hii tumeiandika katika insha nyingi. Sasa tuitie maanani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu